Ndege Bila Rido

Mume wangu, Gamaliel Mathe, alikuwa mkono wa birika hata ndani ya kikombe chake mwenyewe. Sukari aliichota kwa ncha ya kijiko, akakoroga kupita kiasi ili isibaki hata chembe chini, kisha akakilamba kijiko. Alinunua lori kabla ya kununua kitanda. Mwanzo wa ndoa yetu tulilala kwenye mkeka, na binti yetu Joyeuse alizaliwa tukiwa bado chini, huku lori nje limefunikwa turubai jipya. Msinielewe vibaya. Hapa Butembo mtu wa namna hiyo hachekwi. Anapewa kiti cha mbele kanisani. Na mimi nilimpenda hivyo alivyo, ingawa siku za soko nilimkasirikia tangu asubuhi.

Ndiyo maana aliposimama mbele ya mwenzake wa biashara na kudai wanunue ndege inayokunywa mafuta maradufu, watu walidhani vita vimemvuruga akili.

Ndege, ndiyo. Wakati ule barabara ya Kasindi ilikuwa imegawanywa na watu wa bunduki, kila kundi na kizuizi chake, na kila kizuizi na njaa yake. Lori letu la pili lilichomwa moto pamoja na maharagwe yake. Dereva alirudi kwa miguu, tukamshukuru Mungu. Mathe na Lusenge, rafiki yake tangu walipokuwa wakiuza vitunguu Kanyabayonga, wakaona kwamba njia pekee isiyo na kizuizi ni ile ya hewani. Hawakutaka makubwa. Walitaka ndege ndogo ya kwao, ya kufika mbali, Entebbe, Isiro, Kisangani siku ikifunguka, na isiyowamaliza kwa mafuta. Mafuta yenyewe yalikuja kwa mapipa kutoka Uganda, na pipa likifika Butembo lilikuwa limeshapita mikono mingi.

Siméon, rubani wa Bunia, alikuwa na ndege mbili za kuuza, zote zilizokwisha tumika. Ya kwanza ilikuwa ndogo, injini moja, mabawa juu, viti vinne vilivyosongamana. Ya pili ilikuwa na injini mbili na viti sita, na nafasi ya mtu kunyoosha miguu. Alizileta uwanjani Rughenda, moja baada ya nyingine, na wanaume wangu wawili wakaenda kuzikagua.

Walizikagua kwa namna wanayoijua. Waliyapiga teke magurudumu. Walilala chali kwenye majani kutafuta oili inayovuja. Lusenge alizunguka ile ndogo mara mbili akitafuta gurudumu la akiba, kisha akauliza kwa ukali:

"Pneu ya secours iko wapi?"

"Haiko, papa," Siméon alijibu.

"Na kama ikikufa mu njia?"

"Papa, kule juu hapana pa kusimama."

Nilikuwepo, nimewapelekea chai, na nilicheka hadi termo ikaniponyoka. Lakini Siméon alikuwa mtu mwaminifu. Aliwaeleza kwamba uwanja wetu ni mfupi na uko juu milimani, kwamba ndege ikipanda hapa inahema, na kwamba ile ndogo akiiendesha peke yake na mizigo ya wastani inaruka vizuri na kunywa kidogo. Ile kubwa inabeba zaidi, lakini injini mbili ni midomo miwili. Kwa wafanyabiashara wawili wasiojua kesho vita vitakaa wapi, alisema, yeye mwenyewe angechukua ndogo. Lusenge akatikisa kichwa kukubali. Mimi nilimtazama Mathe nikijua atasema nini, maana maneno "inakunywa kidogo" kwake yalikuwa wimbo.

Mathe akaingiza kichwa ndani ya ile ndogo, akaangalia viti, akauliza:

"Mu hii, tunaweza kutia rido?"

"Rido ya nini?"

"Rido tu. Bamoja mbele, bengine nyuma."

Siméon akakuna shingo. Katika ndogo haiwezekani, alisema. Pazia lingeziba mlango na kumnyima rubani kuona nyuma. Katika ile kubwa, labda.

"Basi tununue kubwa," Mathe akasema, na akatembea kwenda kwenye lori.

Lusenge akamfuata hatua mbili. "Rido!" alimfokea mgongoni. "Gamaliel, unataka kuwa président? Sisi tuko batu ya maharagi!"

Nyumbani nilimuuliza sababu, akatoka kukagua lori. Nilimuuliza tena wakati wa kula, akasema supu ina chumvi. Siku chache baadaye alinikuta nikikunja vitenge vyangu vya kuuza, akaanza kuvipapasa kimoja kimoja.

"Mama Joyeuse, hauna ya nzito? Ile hata jua hapana pita?"

Hapo nikaelewa, na hasira zote zikaniisha. Rido ilikuwa ya mama yangu.

Mama yangu, Kanyere, alikuwa mjane wa kijiji cha huko Kyondo, mwanamke mrefu mwenye maneno machache. Katika ukoo wetu, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawali chumba kimoja, hawapeani kitu mkono kwa mkono, na wakiwa na neno wanalipitisha kwa mtu wa tatu. Si chuki. Ni heshima, tena heshima kubwa, na hao wawili waliishika kuliko watu wote ninaowajua. Mathe akienda Kyondo alikohoa penye uzio, mama akaingia jikoni, yeye akakaa uani akitazama mwavokado. Kisha mazungumzo yakaanza, mimi nikiwa katikati. "Umuambie mukwe wangu chai inapoa." "Umuambie mama mukwe ninakunywa." Walisikiana vizuri kabisa, lakini sikusamehewa neno hata moja. Miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa posta isiyo na mshahara. Mchungaji wetu aliwahi kuhubiri kwamba desturi hiyo haimo katika Biblia. Wote wawili waliitikia amina, kila mmoja kwenye pembe yake ya kanisa, wakaendelea.

Kisha macho ya mama yakaanza kuingia ukungu. Kwanza alishindwa kuchagua mawe kwenye maharagwe, halafu akashindwa kunitofautisha na shemeji zangu. Vita vilipofika Kyondo alikuwa haoni kitu.

Siku ile ya kukimbia nilikuwa kule kumsaidia kuvuna, na Mathe alikuwa amekuja na lori na mpakiaji wake, Jephté, kuchukua mazao. Risasi zilianza upande wa bonde. Lori lilikwama kwenye matope, tukaliacha. Watu walimiminika kwenye mashamba, na mama akasimama mlangoni, mikono mbele, akiuliza aende wapi. Mathe alimtazama. Kisha akageuka, akachuchumaa, akamweka mgongoni na kumfunga kwa blanketi kama anavyofungwa mtoto. Alimbeba mlima na mteremko, kwenye mvua, hadi tulipofika kwenye nyumba za watu. Njia nzima hakusema neno, asije akajulikana kwa sauti. Mama naye hakusema neno.

Tulipofika, Mathe alimtua taratibu, akakimbia nyuma ya nyumba, akatangaza kwa watu wote kwamba aliyembeba mama ni Jephté. Mimi aliniapisha. Jephté akakubali shukrani, afanye nini? Mama alipopata kuku wake wa kwanza baada ya kukimbia, alimtuma mtu ampelekee Jephté, kwa mgongo wake wenye nguvu.

Tangu hapo mama alikaa kwetu Butembo, kwenye chumba cha nyuma ya jiko. Nilidhani itakuwa taabu, lakini upofu ulileta kitu nisichokitazamia. Jioni mama akiambua maharagwe uani, Mathe alikuja pole pole, akavua viatu, akaketi upande wa pili wa kikapu, akaambua naye. Hawakusema kitu. Mama aligeuza uso kidogo kuelekea ukutani, na maganda yakaangukia kikapu kimoja. Mathe hakuwa na mama tangu utotoni. Nilikuwa nikiwatazama kutoka jikoni, moyo ukinijaa, na mara nyingi niliunguza mboga.

Daktari alituambia macho yale yanaweza kupasuliwa Kampala, kwa kuwa kwetu mpasuaji wa macho alikuwa amekimbia. Akichelewa sana, alisema, hata Kampala hawataweza. Kwa barabara mama asingefika. Kaka zangu walikuwa upande mwingine wa mstari wa vita. Aliyejua Kampala, aliyekuwa na karatasi za kuvuka na watu wa kumpokea, alikuwa Mathe peke yake. Nilipomweleza mama, alikaa wima.

"Mi nikae mu sanduku moja na mukwe wangu? Magoti yake mu mugongo yangu? Hapana. Afazali nikufe kipofu."

Mathe alikuwa nje ya dirisha, akasikia. Kesho yake ndipo alipouliza habari za rido.

Sasa, mtu huyu hakuweza kumwambia Lusenge ukweli, maana kumtaja mama mkwe wako katika mabishano ya biashara ni aibu. Basi alibaki anatetea injini mbili bila sababu yoyote, yeye ambaye aliwahi kumfukuza dereva kwa kuacha gari likinguruma sokoni. Lusenge alidhani anadharauliwa. Wakaacha kusalimiana kanisani. Siméon naye alikuwa na mnunuzi mwingine Bunia, akatuma neno: atarusha safari moja ya majaribio hadi Entebbe na kurudi, kwa ndege watakayochagua, na wasipochagua anaondoka nazo zote.

Lusenge akaja kwetu, akasimama sebuleni bila kukaa.

"Gamaliel, uniambie leo. Ni ndogo ao tunagawana camions na kila mutu aende kwake."

Mathe alitazama mikono yake. Niliona atasema tugawane malori. Urafiki wa tangu vitunguu vya Kanyabayonga ulikuwa unavunjika mbele yangu kwa ajili ya kipande cha kitambaa, na mimi nimeapishwa nisiseme rido ni ya nani. Ndipo sauti ya mama ikaniita kutoka nyuma ya jiko, na haikuwa sauti ya mgonjwa.

"Débora! Umuambie mukwe wangu achukue ile ya kunywa kidogo. Rido ya nini tena? Mi niko nayo tayari mu macho."

Lusenge alielewa yote kwa mara moja, maskini, akakaa kwenye kiti na kushika kichwa.

Mathe alisimama akageukia ukuta. "Umuambie mama mukwe," alisema kwa shida, "na siku ya kurudi? Akiwa anaona?"

"Umuambie siku ya kurudi nitajua mi mwenyewe."

Tukaenda kwa ile ndogo. Lusenge alimpa Mathe kijiti kilichochongwa alama, kile cha kupimia tangi la lori, apime mafuta tukitua Entebbe na tukirudi, ili wajue ndege inakunywa kiasi gani. Ndiyo ilikuwa shabaha ya safari, kwa upande wa biashara. Mathe alikaa mbele karibu na Siméon, kwenye kiti cha patron, mwenye mali, kama anavyokaa kwenye lori. Mama na mimi tulikaa nyuma. Ingawa mama haoni, Mathe alijifunika kichwa kwa kitenge changu tangu Rughenda hadi Entebbe, na Siméon alimwangalia kwa wasiwasi akidhani anaogopa. Tulipotua aliruka wa kwanza kwenda kutafuta gari la kumpeleka mama. Kijiti kilibaki mfukoni.

Huko hospitali mume wangu hakuingia wodini hata mara moja. Alishinda uani nyuma ya mashuka yaliyoanikwa, akituma ndizi na maswali. Walimpasua jicho moja kwanza. Siku ya kufungua bandeji mama alipepesa, akatazama dirisha, akatazama mikono yake, akanitazama mimi muda mrefu.

"Umekonda, mutoto yangu," alisema. "Na nywele imeingia nyeupe. Ni nani alikuzeesha hivi?"

Nililia kama mtoto. Kisha nikaenda kumtafuta Mathe, nikamkuta nyuma ya tangi la maji.

"Anaona?"

"Anaona."

Aliegemeza paji la uso kwenye tangi na kulia bila sauti. Alipojifuta akasema, "Bon. Basi, maharagi nitakuwa naambua peke yangu." Alijaribu kucheka. Sikuwa nimewaza hilo. Nilimshika mkono, nikaona kwamba huyu bahili wangu alikuwa amenunua macho ya mama kwa kitu pekee alichokuwa akikipenda bila kupima.

Siméon, aliyekuwa na shughuli zake Entebbe, alijaza tangi hadi juu, akatungoja. Siku ya kurudi mama alishika njia kuelekea ndege bila kushikwa mkono, kanga juu ya kichwa, macho mbele tu. Mathe alikuwa amejibanza nyuma ya mkia wa ndege. Mama alisimama kwenye mlango wa mbele.

"Leo mi ninakaa hapa."

"Ni kiti ya patron, mama," Siméon alisema.

"Donc patron akae nyuma. Mi nikikaa mbele nitaangalia mbele. Mutu ya nyuma, sitamuona."

Tulitazamana. Vichwa vyote vile, na ugomvi wote ule, na hakuna aliyewaza kwamba mwanamke mzee anaweza kukaa karibu na dereva. Kwa watu wa malori kiti kile kina mwenyewe. Mama akapanda, akafungwa mkanda, na Siméon akamvalisha kaske, vile vya masikioni vya kusemezana ndani ya kelele. Sisi nyuma tulivaa vyetu.

Hakugeuza shingo. Aliliona ziwa, akauliza kama ni maji yote yale. Aliiona milima na theluji yake juu, na mimi nyuma yake niliona jinsi anavyopumua. Ilipoanza kuonekana milima yetu, mashamba yamepangwa kwenye miteremko hadi juu, akaita.

"Pilote."

"Ndiyo, mama."

"Umuambie mukwe wangu."

"Mama, eko anasikia. Tuko bote mu kaske."

"Mi sikuuliza kama anasikia. Umuambie."

Siméon akanyoosha mgongo. "Papa Mathe, mama anasema."

"Ile siku ya kukimbia Kyondo, banasema ni Jephté alinibeba."

"Papa Mathe, mama anasema banasema ni Jephté alimubeba."

"Jephté ni mufupi. Hata bila macho ninajua, sauti yake inatokea huku chini. Kama ni yeye, miguu yangu ingekokota mu matope njia yote. Miguu yangu haikugusa kitu."

Siméon alirudia, neno kwa neno. Mathe, kando yangu, alikuwa ameshika mkono wangu hadi unauma.

"Ile kuku nilimutumia Jephté," mama aliendelea, na sauti yake ikapungua, "ni juu ya heshima, mukwe hapana pokea kitu mu mukono yangu. Mi nilijua ni mugongo ya nani. Umuambie kuku ilikuwa yake. Umuambie, mutoto ya kuzaa mi mwenyewe hangenibeba vizuri hivi."

Siméon alianza kurudia, akafika katikati, akakohoa, akajifanya anaangalia vipimo vya ndege mbele yake. Mama akangoja. Ikabidi aanze upya hadi mwisho.

Tulitua. Lusenge alikuwa anakuja mbio kwenye majani, mikono juu.

"Alors? Inakunywa ngapi?"

Mathe alishuka na kusimama, na hapo ndipo alipokumbuka kijiti. Aligusa mfuko. Kilikuwa kikavu tangu siku tuliyoondoka. Mama alikuwa ameshashuka, amegeuza mgongo kwa heshima ili mkwe wake apite, naye Mathe akageuza wake, wakabaki hivyo, mimi katikati.

"Mama Joyeuse," mume wangu alisema, "umuambie mama." Hakusema mama mkwe. Alisema mama. "Umuambie Jephté ni mutu ya haki. Alijua kuku si yake. Alikula shingo na mabawa, paja zote aliniletea. Nilikula mu camion, peke yangu, nilifunga na madirisha."

Nilimtazama. Miaka yote ile hata mimi hakuniambia. Niligeuka nikarudia kwa mama, kila neno, na niliona mabega yake yanacheka chini ya kanga.

"Paja gani?" Lusenge alikuwa anauliza. "Na mafuta, Gamaliel? Mafuta?"

Alichoka kungoja. Alikichomoa kijiti mwenyewe mfukoni mwa Mathe, akapanda hadi kwenye bawa, akapima, akatupigia kelele kutoka juu kwamba kweli, inakunywa kidogo, tununue. Mama alikuwa ameanza: "Umuambie mukwe wangu, maharagi ya leo ni ya kuambua bado," na mimi nilikuwa na kazi ya kupeleka.